Sinema ya Mwimbaji Aliyezaliwa Unguja

Pengine mtashangaa, ndugu wasomaji, kuona mwalimu wa dini akishika kalamu ili aandike juu ya mwimbaji wa nyimbo za dunia, tena mtu ambaye hakuwa Mkristu, tena mtu ambaye maisha yake si mfano ambao tungeuweka mbele ya watoto wa komunyo ya kwanza. Nasi tulisita. Lakini vijana wetu wameiona sinema yake, wameizungumza wiki mbili nzima, na wametuuliza maswali. Mwalimu akinyamaza wakati wa maswali, amekwisha kuwaachia watu wengine kazi yake.

Ilikuwa hivi. Jumamosi moja, baada ya mazoezi ya kwaya, vijana walituomba jumba la parokia. Walikuwa wamechanga franga za mafuta ya jenereta, wameazima mashine ya kuonyeshea picha kwa fundi mmoja anayepiga picha za arusi, na wamefunga shuka nyeupe ukutani. Tulikuwa watu kama themanini. Mama watatu wa Legio ya Maria walikaa mstari wa nyuma na rozari mikononi, wala si kwa kusali, walikuja kutulinda. Sinema yenyewe ilikuwa imegeuzwa kwa Kifaransa. Watu wanasema Kifaransa safi mpaka wafungue kinywa kuimba, na hapo ghafula wanakuwa Waingereza. Jambo hili liliwachekesha watoto sana, nao mama wa Legio wakacheka pia, na tangu hapo ulinzi ukalegea kidogo.

Sinema hii yaitwa Bohemian Rhapsody, kwa jina la wimbo mmoja wa mwaka 1975. Ilitoka mwaka 2018, na mapato yake duniani kote yalipita dola milioni 900. Mwaka 2019 ilipewa tuzo nne za Oscar, moja kwa mwigizaji mkuu, Rami Malek, mtoto wa Wakopti waliohama Misri kwenda Marekani. Yasimulia maisha ya Freddie Mercury, mwimbaji wa kikundi cha Queen cha Uingereza, tangu mwaka 1970 hata tarehe 13 Julai 1985, siku ya tamasha la Live Aid katika uwanja wa Wembley, London, lililofanywa ili kuwachangia fedha watu wa Ethiopia waliokuwa wakifa njaa.

Tuanze na sifa, maana sifa zipo. Freddie alizaliwa na meno manne zaidi nyuma, nayo yaliyasukuma ya mbele, na maisha yake yote aliyaonea haya. Malek amevaa meno ya bandia, lakini uigizaji wake haukuishia katika meno. Tazameni jinsi mdomo wa juu unavyoshuka kuyafunika kila mara mtu anapomtazama kwa karibu, na jinsi usivyoshuka kamwe akiwa mbele ya maelfu. Hapo mwigizaji ametuambia kitu bila neno: mtu huyu aliona haya mbele ya mmoja, hakuona haya mbele ya elfu sabini. Twawajua waimbaji wa namna hiyo katika kwaya zetu.

Liko tukio lingine ambalo halitutoki. Freddie amekuwa tajiri, amenunua nyumba kubwa, na Mary, mwanamke aliyependana naye tangu ujana wao, akaa katika nyumba ya jirani. Usiku ampigia simu. Anawasha taa ya mezani na kuizima, ili amwone dirishani, naye amwomba afanye vivyo hivyo. Mary awasha na kuzima, lakini moyo wake hauko tena pale. Taa mbili tu, na upweke wote wa nyumba ile umeonekana. Hapa sinema haikuhitaji kusema uongo wowote.

Vijana walipenda zaidi sehemu ya shambani Wales, wanamuziki wanapotengeneza wimbo ule mrefu. Mpiga ngoma Roger Taylor atakiwa kuimba sauti ya juu, kisha juu zaidi, kisha juu kupita hapo, hata achoke na kuuliza kama ni mbwa tu watakaoisikia. Wanakwaya wetu walipiga makofi, kwa sababu wamejiona wenyewe pale. Nao wanajua nani katika parokia yetu hasemi “inatosha”. Baada ya hayo mkubwa mmoja wa kampuni ya sahani aukataa wimbo, kwa kuwa wakaribia dakika sita na redio haziwezi kupiga wimbo wa urefu huo. Mkubwa huyo, kwa jina walilompa, hakuwapo duniani, wametunga. Si neno. Mtunzi aweza kuwakusanya watu kadhaa wakaidi katika mkaidi mmoja, na sisi tukacheka.

Lakini yapo mambo mengine yaliyotungwa, nayo hayachekeshi.

Kwanza Unguja. Freddie Mercury alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Baba yake Bomi alikuwa karani wa fedha katika serikali ya Waingereza kule kisiwani. Walikuwa Waparsi, watu wa dini ya Zoroasta, ambao mababu zao walitoka Uajemi wakahamia Bara Hindi karne nyingi zilizopita. Mtoto alipelekwa shule ya bweni huko Panchgani, Bara Hindi, akarudi Unguja mwaka 1963, na baada ya mapinduzi ya Januari 1964 jamaa yote ilikimbilia Uingereza, ikakaa Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa London. Alikuwa na miaka kumi na saba.

Katika haya yote sinema imetuonyesha nini? Kijana anayepakua masanduku uwanja wa ndege mwaka 1970, mwenzake anamtukana kwa kumwita Mpakistani, naye anajibu kwamba hatoki Pakistani. Kisha chakula cha jioni, mama awaonyesha wageni picha za zamani, Unguja yatajwa, na hadithi yaendelea. Hatuoni hata jiwe moja la mji ule. Hatusikii adhana, wala kengele, wala neno moja la lugha hii tunayoiandika, ambayo mtoto yule aliisikia kila siku barabarani. Tuseme basi kwamba sinema ya saa mbili na zaidi haiwezi kuonyesha kila kitu. Ni kweli. Ila ndani ya wimbo wenyewe, ambao umeipa sinema jina, limo neno la Kiarabu, Bismillah, na sinema yalifanyia mzaha, kana kwamba limeanguka kutoka mwezini. Hakuna mtoto wa Unguja aliyehitaji kueleza limetoka wapi.

Kijana mmoja alituambia baada ya sinema: “Mwalimu, basi huyu alikuwa mtu wa kwetu!” Tulimjibu pole pole. Yeye mwenyewe alipenda kuyanyamazia mambo ya kwao. Alibadili jina, na sinema yaonyesha vema jinsi jambo hilo lilivyomchoma baba yake. Wala kisiwani si wote waliomtaka. Mwaka 2006 sherehe iliyokusudiwa pwani ya Unguja kwa kumbukumbu ya miaka sitini tangu azaliwe ilifutwa, baada ya chama kimoja cha Kiislamu kuipinga. Hata hivyo mwaka 2019 ilifunguliwa nyumba ya makumbusho yake katika Mji Mkongwe, na wageni waitembelea. Sisi hatumdai Freddie Mercury awe mtu wetu. Tunaidai sinema itueleze kijana aliyetukanwa uwanja wa ndege alikuwa ameacha nini nyuma yake.

Jambo la pili ni kalenda, na hapa ndipo kazi ya watungaji imetusumbua zaidi.

Kwa mujibu wa sinema, Freddie alishawishiwa na fedha, akatia sahihi mkataba wa kuimba peke yake, akawaacha wenzake, akaenda München kuishi kwa ulevi na watu wabaya. Kikundi kikavunjika, miaka ikapita. Ndipo akazinduka, akarudi, akaomba radhi, na siku chache baadaye wakaimba Wembley. Masimulizi haya mnayajua, ndugu wasomaji. Mmeyasikia kila mwaka wakati wa Kwaresima. Ni mwana mpotevu wa Injili ya Luka, sura ya kumi na tano, pamoja na nchi ya mbali na nguruwe.

Kumbe kikundi hakikuvunjika. Mwaka 1984 walitoa sahani mpya. Januari 1985 waliimba mbele ya makundi makubwa Rio de Janeiro. Na mpaka Mei 1985 walikuwa bado safarini wakiimba Japani. Julai walipopanda jukwaa la Wembley, hawakuwa watu waliosahauliana; walikuwa wafanyakazi waliotoka kazini jana. Tena wa kwanza kati yao kutoa sahani nzima ya peke yake hakuwa Freddie. Roger Taylor alikwisha kufanya hivyo mwaka 1981, na hakuna aliyemwita msaliti.

Kwa nini basi wamemfanya yeye kuwa mwana mpotevu? Tazameni lile tukio la kuomba radhi. Freddie amekuja mbele ya wenzake watatu, amejishusha. Mpiga gita Brian May amwambia atoke nje kidogo ili washauriane. Atoka, angoja kama mwanafunzi mlangoni kwa mkurugenzi. Wamwita tena. Auliza, mlinitoa kwa nini? May ajibu kwamba amejisikia tu kufanya hivyo. Watu jumbani walicheka, nasi tulicheka. Baadaye nyumbani hatukucheka tena. Maana Brian May na Roger Taylor ni wazima, nao walikuwa washauri wa sinema hii, na meneja wa kikundi alikuwa kati ya walioitengeneza. Katika Injili kaka mkubwa anasimama nje, amekasirika, na baba anatoka kumbembeleza. Hakupewa kalamu aandike yeye habari za ndugu yake. Hapa amepewa.

Hatusemi kwamba wanaume hawa wana chuki. Yaonekana walimpenda kweli, na baada ya kifo chake wamesaidia kuanzisha mfuko wa kupigana na ukimwi kwa jina lake. Lakini mtu akisimulia maisha ya marehemu pamoja na maisha yake mwenyewe, yatupasa kuangalia nani amepewa kusahihishwa na nani amepewa kusahihisha. Katika sinema hii watatu wana wake na watoto, wanawahi kazini na kulala mapema. Mmoja peke yake ndiye mwenye dhambi. Tuliosoma seminari tulifundishwa kuogopa orodha za namna hiyo.

Na hata yule mmoja wamemsaidia kukwepa. Makosa yake yote ya miaka ile yamewekwa juu ya mgongo wa mtu mwingine, Paul Prenter, aliyekuwa meneja wake. Ndiye anayefungua milango mibaya, ndiye anayeficha barua na simu. Prenter alikuwa mtu wa kweli, tena ni kweli kwamba aliuza siri za Freddie kwa gazeti. Alikufa mwaka 1991, mwaka uleule, hawezi kujibu. Lakini Freddie alikuwa mtu mzima wa miaka karibu arobaini, mwenye akili kali, mwenye mapenzi yake na hiari yake. Mama mmoja wa Legio alitupita kwa hekima hapo, alisema: “Kila mama akifuatwa kuambiwa mtoto wake ameiba, husema ni rafiki yake aliyemfundisha.”

Juu ya maisha yake na wanaume, vijana walituuliza waziwazi, nasi tuliwajibu waziwazi mafundisho ya Eklezia, ambayo wanayajua. Hatutayarudia hapa, maana hatukuja kumhukumu marehemu ambaye Hakimu wake si sisi. Twasema jambo hili tu juu ya sinema: yaonyesha mambo hayo kwa giza, taa nyekundu na ngozi nyeusi, kama adhabu inayokaribia, kisha ugonjwa unafika, na mtazamaji anaachiwa ajumlishe mwenyewe. Hiyo si mafundisho ya Eklezia. Ni hesabu ya watu wa barabarani, nasi twaijua vizuri sana.

Basi tufike kwenye ugonjwa wenyewe, ambao ndio uliotufanya tuandike.

Katika sinema Freddie aambiwa hospitali kwamba ana ukimwi kabla ya Live Aid. Akitoka, kijana mgonjwa aliyekaa koridoni amtambua, na kwa sauti ndogo amwitia ule mwito wake wa jukwaani. Naye Freddie amjibu kwa sauti ndogo vilevile, apita. Tukio hili ni zuri kupita kiasi, tukisema kweli. Mama wa Legio walifuta macho. Kisha awaambia wenzake wakiwa mazoezini, akataa kuhurumiwa, na wote wakumbatiana. Hivi tunapofika Wembley kila wimbo umekuwa wimbo wa mtu anayeaga. Watu elfu sabini na mbili hawajui, sisi tunajua, na tunalia.

Lakini Jim Hutton, mwanamume aliyeishi naye mpaka kufa, aliandika kwamba Freddie alipata habari hiyo mwaka 1987. Siku ile ya Wembley hakuwa anaaga. Alikuwa na miaka thelathini na minane, ana afya, anaimba kama alivyopenda kuimba. Wamechukua ugonjwa wa mwaka 1987, wameurudisha nyuma miaka miwili, ili machozi yetu yawahi.

Mtu atasema: miaka miwili ni nini? Mfu ni mfu. Ndiyo, lakini angalieni walichokitupa ili wapate machozi hayo. Tangu mwaka 1987 mpaka tarehe 24 Novemba 1991, siku aliyokufa nyumbani kwake London akiwa na miaka arobaini na mitano, ni zaidi ya miaka minne. Katika miaka hiyo, huku akijua, aliimba sahani nzima pamoja na Montserrat Caballé, mwimbaji mkubwa wa opera wa Hispania, ikatoka mwaka 1988. Akafanya na wenzake sahani ya mwaka 1989. Akafanya nyingine, ikatoka Februari 1991. Hata baada ya hapo alirudi Montreux, kando ya ziwa la Uswisi, akaingia chumba cha kurekodi wakati ambapo kusimama kwenyewe kulikuwa kazi, akaacha sauti yake kwa nyimbo ambazo wenzake wangezimaliza baadaye. Sahani hiyo ilitoka mwaka 1995, yeye yuko kaburini miaka minne. Mei 1991 walimpiga picha za mwisho za wimbo mmoja. Zilionyeshwa bila rangi, nyeupe na nyeusi, ili kukonda kwake kusionekane sana. Katika picha hizo asimama karibu mahali pamoja, yule aliyekuwa akikimbia jukwaa zima, na kwa mkono tu afanya yote.

Miaka hiyo yote katika sinema ni mistari michache ya maandishi mwishoni. Wamempa ushujaa wa dakika ishirini, mbele ya watu wanaoshangilia. Wakamnyang’anya ushujaa wa miaka minne, ndani ya chumba, bila mtu wa kushangilia.

Hapa yatupasa kuwaambia kwa nini jambo hili limetugusa. Utotoni mwetu alikuwako katika lupango letu mjomba, ndugu wa mama, fundi wa redio na mpiga gita. Alipougua alihamishiwa chumba cha nyuma. Wageni waliambiwa ni malaria, kisha wakaambiwa ni mapafu, kisha hawakuambiwa kitu kwa sababu hawakuja tena. Sisi watoto tulikatazwa kunywea kikombe chake. Lakini redio ziliendelea kuletwa, zilipitishwa dirishani, naye alizitengeneza kitandani, moja baada ya moja, kwa karibu miaka miwili. Za mwisho alizirudisha zimetengenezwa nusu, na karatasi ya kueleza kilichobaki, ili fundi mwingine asianze mwanzo. Siku alipozikwa watu walisema alikuwa “mtu mwema lakini”. Hatujasahau ile “lakini”. Watungaji wa sinema wangekuja kwetu wakauliza, wangetaka kupiga picha ya siku gani? Bila shaka ya arusi moja ya zamani alipopiga gita mpaka asubuhi, na wangemtia ugonjwa siku ileile.

Mwaka ule wa 1987 nchini kwetu, ambayo wakati huo iliitwa Zaire, Franco Luambo Makiadi alitoa wimbo mrefu wa kuwaonya watu juu ya ukimwi, akiwataja kwa zamu madaktari, walimu, viongozi wa dini, serikali, kila mtu na wajibu wake. Wazee wetu waukumbuka. Ulipigwa redioni kama tangazo. Yeye mwenyewe alikufa Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989, na nchi nzima iliomboleza. Vijana waliuliza ni nani atakayetengeneza sinema ya Franco. Tungependa kuiona. Lakini tungependa mtengenezaji asiiguse tarehe ya wimbo ule, maana thamani yake imo katika tarehe: ulisemwa wakati watu wengi walikuwa hawajathubutu kulitamka jina la ugonjwa.

Turudi Wembley kidogo, kwa ajili ya baba. Siku ileile ya tamasha, asema mtungaji, Freddie ampata Jim Hutton baada ya kumtafuta, ampeleka kwa wazazi wake kunywa chai, apatana na baba yake, kisha aenda uwanjani kuimba. Siku moja imebebeshwa mzigo wa punda watatu. Hata hivyo baba yule, mwembamba, na tai yake na haya yake, ambaye tangu mwanzo amekuwa akimkumbusha mwanawe fundisho la dini yao la kufikiri mema, kusema mema na kutenda mema, anaposikia mwana mwenyewe akimrudishia maneno hayo mlangoni, anamkumbatia bila kusema kitu. Tulikubali. Huenda ni kwa sababu nyuma yake pana jambo la kweli: Freddie Mercury alipokufa, makuhani wa dini ya wazazi wake ndio walioongoza ibada ya maziko yake. Hilo sinema haikulisema, nalo lingetosha.

Na watu wa Ethiopia? Wametajwa. Twaonyeshwa chumba cha simu za michango, simu zimelala, Queen waanza kuimba, simu zote zalia pamoja. Wenye njaa wenyewe hatuwaoni. Katika tamasha la kweli, David Bowie, aliyeimba baada ya Queen, aliacha wimbo wake mmoja ili nafasi yake ionyeshwe picha ya watoto wa Ethiopia wanaokufa, na uwanja mzima ukanyamaza. Mwimbaji aliyetoa dakika zake hakupata nafasi katika sinema ya mwimbaji aliyezitumia vizuri zaidi kuliko wote.

Neno moja juu ya ufundi, kwa wanaopenda mambo hayo. Mwongozaji wa kwanza, Bryan Singer, alifukuzwa kabla kazi haijaisha, mwaka 2017, na Dexter Fletcher akaimaliza. Sehemu ya Live Aid, ambayo ni ya mwisho kuonekana, ndiyo iliyopigwa picha mwanzo kabisa, katika uwanja wa zamani wa ndege walikojenga jukwaa lile upya. Twadhani inaonekana: yote mengine yanakimbilia pale, kama mtu aliyejenga mnara wa kanisa kwanza na sasa atafuta kanisa la kuweka chini yake. Tuzo ya kukata na kuunga picha ilituduwaza. Katika mazungumzo ya kwanza na meneja Reid picha yaruka kutoka uso hadi uso, hata kijana mmoja alidhani mashine imeharibika, akaenda kuipiga kofi.

Mzazi akituuliza kama mtoto wake mkubwa aitazame, twamjibu aitazame, lakini asiitazame peke yake, na mwisho wake mtu mzima amwambie tarehe. Sisi tuliwaahidi vijana kuwaonyesha Jumamosi nyingine picha za kweli za Wembley, na zile za Mei 1991 zisizo na rangi, waone wenyewe.

Maana hii ndiyo iliyotokea usiku ule. Nyimbo za Wembley zilikwisha, makofi yakapigwa, maandishi yakatokea na tarehe ya kifo. Watu wakasimama. Majina ya watengenezaji yakaanza kupanda, na chini yake ukapigwa kwanza wimbo mmoja wa furaha, kisha The Show Must Go On, wimbo ulio katika sahani ile ya Februari 1991, alioimba akiwa amedhoofika, na ambao wenzake walidhani hatauweza. Ilikuwa mara ya kwanza usiku ule kumsikia yule mgonjwa wa kweli. Lakini vijana walikuwa wamekwisha kuanza kupanga viti, mama wa Legio walikuwa wakitafuta viatu vya watoto gizani, na yule wa jenereta, kwa kuhurumia mafuta, alizima kabla wimbo haujafika katikati.